Visual Studio Code si huria yote

Mhariri,

Mwaka 2001 Steve Ballmer, aliyekuwa bosi wa Microsoft, aliifananisha Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta (yaani ulio wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadili), na saratani. Mwaka 2014 mrithi wake, Satya Nadella, akatangaza kuwa kampuni inaipenda Linux. Mwaka 2018 ikainunua GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huweka msimbo wao, kwa dola bilioni 7.5. Mabadiliko hayo ni ya kweli na nayapongeza. Ila vijana wanaojifunza kuandika programu huambiwa tu kwamba Visual Studio Code, kihariri cha Microsoft cha kuandikia msimbo, ni programu huria, na hapo wanapotoshwa. Walimu wawaeleze mapema.

Msimbo wake ulioko GitHub una leseni huria iitwayo MIT: ruksa kuuchukua, kuubadili, hata kuuuza. Faili unalopakua kwenye tovuti ya Microsoft ni kitu kingine. Limeongezwa nembo na mipangilio ya kampuni, lina leseni isiyo huria, na hutuma taarifa za matumizi mpaka uzime mwenyewe: fungua mipangilio, tafuta telemetry.telemetryLevel, chagua "off".

Anayetaka msimbo uleule bila hayo apakue VSCodium, toleo linalojengwa kutokana na msimbo huo huria. Kikwazo ni viendelezi, yaani vijiprogramu vya kukiongezea kihariri uwezo. Masharti ya soko la viendelezi la Microsoft yanaruhusu vitumike kwenye bidhaa zake tu, kwa hiyo VSCodium huchota vya kwake kwenye soko jingine, Open VSX. Huko hutaikuta Pylance, wanayoitegemea wengi wanaoandika kwa lugha ya Python, wala Remote-SSH, ya kufanyia kazi kwenye kompyuta ya mbali, kwa sababu leseni za viendelezi hivyo zimefungwa. Badala ya Pylance weka Pyright. Ndiyo injini iliyomo ndani ya Pylance, na hiyo ni huria kabisa.

Mwandishi wa programu,
Arusha