Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mazungumzo Yetu Kuhusu Marekani na China, Julai 2024 – Juni 2025

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawashukuru kwa kufika, na nawashukuru zaidi mliofika na ada mkononi. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu, Mwenyezi Mungu awalaze mahali pema.

Mkutano mkuu uliopita ulituagiza tuzungumzie mvutano wa Marekani na China, sisi raia wa kawaida wa Dar es Salaam, bila kungoja kualikwa na wakubwa. Niliogopa tungekosa la kusema ifikapo mwezi wa tatu. Kumbe shida ikawa kuchagua.

Vikao vya mwanzo, tuseme ukweli, vilikuwa Simba na Yanga. Huyu anashangilia Beijing, yule Washington, na tukitoka hakuna aliyejua zaidi ya alivyoingia navyo. Mambo yaligeuka Desemba. Septemba Rais Samia na Rais Hichilema wa Zambia walikuwa Beijing, wakashuhudia pamoja na Rais Xi makubaliano ya awali ya kufufua TAZARA, reli yetu na Zambia. Miezi mitatu baadaye Rais Biden akatua Angola kuipigia debe reli ya kwenda bandari ya Lobito nchini humo, ambayo serikali yake ilikwisha kuiidhinishia mkopo wa zaidi ya dola milioni 550. Shaba inayogombewa ni ileile ya Zambia na Kongo: njia moja inaiteremsha kwetu, nyingine inaipeleka Atlantiki.

Katika kikao cha Desemba alisimama mzee wetu mmoja, mstaafu wa reli, aliyekulia Makambako. Alitukumbusha kwamba nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikataa kuigharimia TAZARA zikisema hailipi. Mwalimu akaenda Beijing mwaka 1965, mkataba ukasainiwa 1967, na kati ya 1970 na 1975 kilomita 1,860 zikajengwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kwa mkopo wa China usio na riba. Wachina karibu 70 waliofia kazi hiyo wamezikwa Gongo la Mboto. Ambalo vijana wengi hawakulijua ni kwamba miaka hiyohiyo Wamarekani nao walikuwa wakitoa fedha za kutia lami barabara ya Tanzam, kuelekea Zambia hukohuko. Makambako ndipo reli na barabara vinapokutana. Mzee anasema asubuhi walipita Wachina wamejaa kwenye malori, wamevaa sare moja. Jioni likapita gari la wahandisi wa barabara. Hakuwahi kuwaona wakipungiana mikono. “Wao walinuniana,” alisema, “sisi tukapata vyote viwili.”

Ukumbi ulipiga makofi. Kabla hayajaisha, binti mmoja wa chuo akauliza: basi mbona reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, leo haibebi hata robo yake? Hapo hapakuwa na Mmarekani wa kulaumu wala Mchina. Tulizungumza hadi mlinzi akaja na funguo, na kwa maoni yangu hicho ndicho kikao bora tulichowahi kuwa nacho.

Kuanzia Januari Kamati ikaweka utaratibu: anayetaka kusema aanze na kitu anachokishika kwa mikono yake, iwe ankara, barua au kifaa cha kazi. Februari aliyeanza alikuwa muuguzi. Amri ya Marekani ya tarehe 20 Januari 2025 ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na wenzake wa mkataba wakapokea barua za kukaa nyumbani. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilibaki kabatini, ila waliokuwa wakizifuatilia na kuwapigia wagonjwa simu hawakuwepo. Mtu akauliza kama China itaziba pengo. Muuguzi akajibu kwamba swali lake yeye ni Hazina yetu itafanya nini.

Mei ilikuwa zamu ya mfanyabiashara wa Kariakoo. Mwezi uliotangulia ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulifika asilimia 145, China ikajibu kwa asilimia 125. Ndipo walipokaa Geneva wakateremsha hadi 30 na 10 kwa siku 90. Katikati ya vurugu hiyo, muuzaji wake wa mji wa Yiwu, China, alimtumia picha za blenda kwa bei ya kutupa. Aliikuza picha kwenye simu, tukaipokezana: plagi ya meno mawili bapa, volti 120. Ni mzigo ulioundwa kwa ajili ya jiko la Mmarekani na sasa unatafuta pa kwenda. Plagi ingebadilishwa, lakini mota kwa umeme wetu ingeungua siku ya kwanza. Akakataa. Alituambia wapo waliokubali, kwa hiyo mnaponunua angalieni.

Vijana wa chuo wameupinga utaratibu huu kwa maandishi. Wanasema unaishusha sera ya nje hadi mfukoni. Sikubaliani nao sana, lakini kikao cha Taiwan, kisiwa ambacho China inasema ni chake, kiliwapa haki: hakuna mwenye ankara ya Taiwan. Wao ndio waliotuokoa kwa kurudi kwenye historia, tamko la pamoja la Marekani na China la 1972 na sheria ya Bunge la Marekani ya 1979 kuhusu Taiwan, kisha wakatuleta nyumbani. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa ulipoipa Beijing kiti cha China kilichokuwa mikononi mwa Taiwan, na balozi wetu huko alikuwa Salim Ahmed Salim. Mwaka 1981 alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja huo, Marekani ilimzuia duru baada ya duru, huku China ikimzuia Kurt Waldheim aliyekuwa akikikalia kiti hicho, hadi duru 16 zikapita. Kiti kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Wazee kadhaa bado wana hasira, na sikuwakataza.

Kuhusu ufadhili. Taasisi moja yenye ukaribu na mojawapo ya mataifa haya ilijitolea kutulipia ukumbi na chai mwaka mzima. Kamati ilikataa kwa kura, wajumbe wawili wakipinga kwamba kukataa chai si sera. Sitasema ni upande upi, maana nusu yenu mngeanza kushangilia. Matokeo yake ni kwamba ukumbi tunaulipia wenyewe na ada hazitoshi. Mweka Hazina atawaeleza.

Kwa mwaka ujao Kamati inapendekeza tuwaalike maofisa wa balozi zote mbili, siku moja, meza moja. Asipokubali mmoja, hatumwiti na mwingine. Pendekezo hilo linahitaji kura yenu leo, baada ya hesabu.

Naomba kuwasilisha.