Barua ya wazi kwa wazee wenzangu wa pikipiki: acheni kuchaguliwa pikipiki na vijana

Wazee wenzangu, walionizidi umri shikamooni, na nyie wa hamsini na kitu nawasalimu kama wadogo zangu. Leo naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Juzi juzi mwenzetu mmoja, mtu wa sitini na zaidi, amevunjika kifundo cha mguu. Hakugongwa na gari wala hakuwa kwenye spidi. Alikuwa anageuza pikipiki yake mpya kwenye maegesho yenye kokoto, mwendo wa mtu anayetembea, usukani ameukata wote kushoto, mtu akampitia mbele naye akashika breki ya mbele. Hapo mnajua kinachofuata. Pikipiki ya karibu kilo 400 ukihesabu mafuta na maboksi, usukani umekatwa, breki ya mbele imeshikwa, inalala palepale. Akatoa mguu kuizuia, kokoto zikateleza, mguu ukabaki chini ya chuma. Tuliinyanyua watu watatu.

Sasa nawauliza, ile pikipiki nani alimchagulia? Muuzaji alimwambia mtu wa heshima yake hawezi kuonekana juu ya kitu kidogo, na vijana wa kundi letu wakashangilia. Alikaa juu yake ikiwa kwenye stendi, akapigwa picha, akasaini. Hakuna hata mmoja aliyemwambia mzee hebu shuka, itoe kwenye stendi, isukume kwa mkono uirudishe nyuma mita tano tu tuone. Mita tano zile zingemwambia kila kitu. Kwa kweli iliniuma, kwa sababu huyu ni mtu mpole ambaye hapendi kubishana na watu, na watu walitumia upole wake.

Ndugu zangu, sisi watu wa umri huu pikipiki inatushinda ikiwa imesimama. Ikishika mwendo hata ile nzito kabisa inatulia yenyewe, unaiona nyepesi, unajiona kijana. Shida iko kwenye taa nyekundu, kwenye kituo cha mafuta, kwenye kijiteremko cha kuingia nyumbani, kwenye kugeuza njia nyembamba na mke amekaa nyuma. Ikiinama kidogo tu mguu mmoja unapokea makumi ya kilo, na misuli yetu imekuwa ikipungua taratibu tangu miaka ya thelathini na kitu, halafu ukipita 60 inapungua kwa kasi zaidi. Huo ndio mwili, hata ungekuwa mtu wa mazoezi.

Kwa hiyo mkisoma karatasi ya pikipiki anzeni na uzito ikiwa imejaa mafuta, halafu kimo cha siti, ndio mje kwenye injini. Honda NT1100 ya gia za kawaida ni kilo 238. BMW R 1250 RT ni 279. Honda Gold Wing Tour iliyosukwa upya mwaka 2018 inakaribia 380, na Harley-Davidson Ultra Limited inavuka 400. Kati ya ya kwanza na ya mwisho hapo kuna uzito wa watu wazima wawili, na zote zitakupeleka safari ya siku nzima bila kulalamika. Honda NC750X ni nyepesi zaidi, ya 2021 ina kilo 214 na siti ya milimita 800, na pale tenki linapokaa kwenye pikipiki nyingine yenyewe ina sanduku la kuwekea helmeti, mafuta yako chini ya siti, yani uzito wameushusha. Vijana wanaiita pikipiki ya kwendea kazini. Waache waiite wanavyotaka.

Lakini msije mkanielewa vibaya, kilo peke yake haisemi yote. Gold Wing siti yake ni milimita 745, injini yake imelazwa chini, silinda tatu huku na tatu kule, na ina mwendo wa kurudi nyuma kwa umeme, kwa hiyo mtu mfupi mwenye nguvu za wastani anaweza kuimudu vizuri kuliko pikipiki ndefu ya kilo 250 yenye siti ya milimita 850 ambayo anagusa chini kwa vidole. Na ukitaka ipo ya gia za kujibadilisha yenyewe, DCT, yenye mwendo wa kujongea mdogo mdogo mbele na nyuma. Kama huo ndio moyo wako na mwili unakubali, nunua, sitakuzuia. Ninachokataa ni kununua bila kuupima mwili wako juu ya pikipiki ile ile, ukiwa umevaa viatu vile vile vya safari, maana buti ikiwa na soli nene inakuongezea kimo na ya kawaida inakupunguzia.

Na ukipima nyayo zote mbili ziguse chini, au angalau mguu mmoja wote utue mpaka kisigino. Msidanganywe na yule anayesema eti utazoea. Kijana atazoea, goti la miaka 65 halizoei. Siti ikiwa juu, ulizeni siti fupi ya kampuni kabla ya kukata tamaa, nyingi zipo, RT kwa mfano ina siti za vimo tofauti.

Halafu kuna hili jambo la kupandia. Weka maboksi mawili ya pembeni na lile la nyuma, halafu jaribu kurusha mguu juu yake. Nyonga inakataa. Wengi wanauficha huu ukweli, wanapanda kwa kujivuta, wanapiga boksi teke, pikipiki inayumba. Kama nyonga ni tatizo tafuteni pikipiki ambayo stendi yake ya pembeni ina nguvu ya kukubebeni mkikanyaga kikanyagio cha kushoto, na mwongozo wake usiwe unakataza kufanya hivyo, muinuke wima kwanza ndipo mguu wa kulia uvuke. Au msiwe na boksi la nyuma. Sio lazima kubeba nyumba.

Watu wakisikia starehe wanafikiria siti pana kama kochi. Siti laini sana ina raha kwa nusu saa ya kwanza, baada ya hapo unazama na mifupa ya makalio inakutana na sahani ya chini. Siti nzuri ni ngumu kidogo na pana nyuma. Na hii mikao ya kunyoosha miguu mbele, samahanini mnaoipenda, uzito wote unakaa kwenye mkia wa uti wa mgongo na kila shimo unalipokea hapo, miguu haiwezi kukuinua hata kidogo. Mgongo wenye shida unataka mkao wa wima, miguu chini yako, mikono imepinda kidogo kwenye kiwiko. Goti nalo lipewe nafasi, likikunjwa sana saa mbili zinatosha kukufanya ushuke ukichechemea.

Mengine nayataja tu. Klachi iwe nyepesi, kama vidole vina baridi yabisi basi DCT au mfumo mwingine usiohitaji kubana. ABS, yaani breki zinazozuia tairi lisijifunge, sio anasa, na ile inayofanya kazi hata ukiwa kwenye kona ni bora zaidi. Kioo cha mbele kiwe cha kupanda na kushuka, upepo unaopiga helmeti unachosha kuliko kilometa. Vishikio vya kupasha joto. Vizibo vya masikio. Shokapu ya nyuma iwe ya kurekebishwa kwa kitufe au kwa kuzungusha kwa mkono ukimbeba mwenzio. Tairi unayonunua, ubavuni mwake angalia tarakimu 4 za mwisho, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, ikiwa kongwe hata kama ina meno mapya iache. Usiku punguzeni, jicho la mtu wa 60 linapokea kama theluthi tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la mtu wa 20. Dawa za presha na za maumivu ulizeni daktari kama zinaleta usingizi au kizunguzungu.

Na nyie vijana mnaosoma hii, mna lenu. Mnatupenda, najua, mnatuita mbele tupige picha na nyie. Lakini mzee akisema anataka pikipiki ndogo mnamwambia ameanza kuishiwa, na nyumbani nako wanamwambia auze kabisa akae. Amebanwa katikati, hana pa kusema kwamba anataka kuendelea ila kwa uzito mwingine. Jamii yetu imekubali mzee wa aina mbili tu, yule anayejifanya ana miaka 30 na yule aliyewekwa kwenye kiti barazani. Na wauzaji wameshaliona hilo, wanajua wapi pa kubonyeza, kwa sababu mzee ndiye mwenye hela ya kulipa yote kwa mkupuo. Mkituona tunachagua nyepesi tusindikizeni tu, mtusaidie kuisukuma tukiijaribu.

Siku ya kujaribu nendeni na mke au yule anayekaa nyuma, na mtu mmoja wa rika lenu asiye na haya ya kusema hapana. Isukumeni ikiwa imezimwa. Itoeni na muirudishe kwenye stendi ya kati kama inayo, mara mbili. Geuzeni ikiwa na mtu nyuma. Halafu muiendeshe saa nzima na zaidi, sio kuzunguka mtaa, kwa sababu mgongo hauanzi kusema dakika ya kumi. Muuzaji asipotaka kuwapa saa hiyo moja, mrudishieni funguo na muende kwa mwingine.