Tatizo la padel ya wanaume si Tapia na Coello

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba padel ya wanaume, mchezo wa raketi unaofanana na tenisi, wawili kwa wawili, ndani ya kuta za vioo ambazo mpira hugonga na kurudi, imeisha utamu, eti kwa kuwa Agustín Tapia na Arturo Coello wameligeuza kombe mali yao. Wapo waliomuunga mkono, na wengine wakaenda mbali zaidi wakataka kanuni zibadilishwe ili jozi hiyo ipunguzwe kasi. Sikubaliani nao hata kidogo. Wanaolaumiwa hawana kosa, na wenye la kujibu hawaguswi.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, naishi Doha, na kazi yangu ni kusimamisha viwanja vya padel. Qatar Major, mashindano makubwa ya padel ya hapa Doha, huchezwa kwenye viwanja vya tenisi vya Khalifa, na kabla mchezaji hajakanyaga nyasi, sisi mafundi tunakuwa tumeshapita. Uwanja ni mita 20 kwa 10. Ukuta wa nyuma tunaupanga kwa vioo vitano, kila kimoja kina upana wa mita 2 na kimo cha mita 3, juu yake wavu wa chuma wa mita 1. Kioo cha milimita 12 cha kipimo hicho kina uzito wa kilo 180 hivi, kwa hiyo hakibebwi na mtu mmoja wala wawili. Tunakishika kwa vishikio vya mpira vinavyonata kwenye kioo, tunakisimamisha polepole, na hakuna anayezungumza mpaka bolti ya mwisho ikazwe. Baada ya hapo ni nyasi bandia, na mchanga laini unaomwagwa na kusuguliwa kwa brashi mpaka uzame. Mchanga ukizidi, mchezaji anateleza. Ukipungua, kiatu kinanasa na goti ndilo linaloumia. Ninayasema haya ili msomaji ajue kwamba sizungumzii mchezo niliousikia redioni.

Sasa niwaseme hao wawili. Tapia ni Muargentina wa Catamarca, kazaliwa 1999. Coello ni Mhispania wa Valladolid, kazaliwa 2002, mrefu wa sentimita 190, na anatumia mkono wa kushoto. Walianza kucheza pamoja 2023, na mwaka huohuo wakashinda mechi 47 mfululizo. Siri yao kubwa haijafichwa, iko wazi mbele ya macho ya kila mtu. Coello husimama upande wa kulia, Tapia upande wa kushoto. Kwa kuwa mmoja anatumia kushoto na mwingine kulia, mikono yao yenye nguvu inakutana katikati ya uwanja. Kwa jozi nyingine, katikati ndipo mahali pa kupenyeza mpira wapinzani watazamane kila mmoja akidhani ni wa mwenzake. Kwa hawa wawili, ukipeleka mpira katikati umejikaribishia kipigo. Ukiinua mpira juu uwasogeze nyuma, Coello anauwahi angani na kuupiga chini kwa nguvu, ukidunda unaruka ukuta wa pembeni wa mita 3 na kutoka nje kabisa. Hapo inabidi mpinzani achomoke mlangoni akaukimbilie nje ya uwanja. Nimeona wachezaji wakitoka hivyo wakafika hadi kwenye viti vya watazamaji, wakaurudisha, na umma ukasimama wote. Katika joto la huku mpira hudunda juu zaidi, kwa hiyo mpigaji mwenye nguvu anazidi kunufaika.

Hata hivyo si kweli kwamba hawana wapinzani. Mwaka 2024 Alejandro Galán aliachana na Juan Lebrón, ambaye waliwahi kushika namba moja pamoja, akamchukua Federico Chingotto, Muargentina wa Olavarría. Chingotto ni mfupi, hafiki hata begani kwa baadhi ya wapinzani wake, na nguvu za kupasua kioo hana. Alicho nacho ni subira. Atarudisha mpira huo mara kumi, mara ishirini, kila mara akiuinua juu ya kichwa cha Coello mahali ambapo hata urefu ule haufiki, mpaka yule mkubwa achoke au apige kwa hasira. Tapia naye ana mkono ambao sijui nifananishe na nini. Mpira unaotoka kwenye kona ya vioo viwili, ambao mimi niliyevifunga vioo hivyo sijui utaelekea wapi, yeye anaujua. Mtu anayetazama jozi hizi mbili zikikutana kisha akasema mchezo hauna utamu, nadhani anatazama ubao wa matokeo tu.

Wala utawala wa jozi moja si jambo la jana. Fernando Belasteguín wa Pehuajó, Argentina, alikuwa namba moja kwa miaka 16 mfululizo, tangu 2002 hadi 2017. Miaka 13 kati ya hiyo alicheza na Juan Martín Díaz. Baadaye akamchukua Mbrazili Pablo Lima na bado wakabaki juu. Alistaafu mwishoni mwa 2024 akiwa na umri wa miaka 45, na kila aliyecheza naye alimlilia. Padel haikufa kwa ajili yake. Katika miaka yake ndipo ilipokua kutoka mchezo wa Argentina na Hispania hadi ikafika huku Ghuba, ambako leo karibu kila mtaa mpya una viwanja vyake na vijana wanacheza hadi usiku wa manane.

Tatizo lililopo, Mhariri, liko chini ya hao, kwenye ngazi yenyewe ya kupandia.

Hesabu ya padel ina jambo ambalo mashabiki wengi hawaliangalii. Kila mchezaji ana pointi zake mwenyewe, lakini jozi inaingia kwenye droo kwa jumla ya pointi za wote wawili. Maana yake ni kwamba mwenye pointi nyingi hutafuta mwenye pointi nyingi. Kijana mwenye kipaji na pointi chache hana wa kumchukua isipokuwa kijana mwingine mwenye pointi chache, na wote wawili wanaanzia kwenye mchujo, yaani mechi za awali za kutafuta nafasi ya kuingia droo kuu. Wakifanya vizuri, mmoja wao anaitwa na aliye juu yake na anaondoka. Simlaumu, hata mimi ningeondoka. Lakini yule anayeachwa anarudi chini kutafuta mwenza upya, hata kama kiwango chake hakijashuka. Kila mwisho wa msimu, na siku hizi hata katikati ya msimu, jozi zinavunjika kwa namna hiyo. Lebrón mwenyewe, mtu aliyekuwa Mhispania wa kwanza kuwa namba moja, amebadilisha wenza mara kadhaa tangu aachane na Galán. Yeye ana jina na ana wadhamini. Wa nafasi ya 120 hana.

Halafu kuna safari. Aprili 2025 wachezaji walitoka hapa Doha wakaenda Brussels. Mwezi Mei wakavuka bahari hadi Asunción na Buenos Aires, na Juni wakawa Roma. Mashindano ya Premier Padel, yaani ziara kuu ya kulipwa ya mchezo huu inayozunguka dunia, sasa ni zaidi ya 20 kwa mwaka. Nusu fainali zinapochezwa, waliotolewa kwenye mchujo wameshaondoka siku nyingi, na sisi mafundi ndio tunaowaona, kwa sababu tunakuwa bado tunarekebisha viwanja vya pembeni. Mmoja wao, kijana wa Argentina, alikuja kuniomba mkasi akate utepe wa kushikia raketi. Alikuwa ameuvua kwenye raketi kuukuu auvike kwenye mpya, maana hakutaka kununua mwingine. Akaniambia kwamba kocha hakusafiri naye, kwamba analala chumba kimoja na mwenza wake pamoja na jozi nyingine, na kwamba ili tiketi ya ndege na hoteli virudi lazima ashinde angalau mechi mbili. Hakushinda. Kesho yake nilimwona anavuta begi lake kuelekea teksi. Yule ni mchezaji wa kulipwa, mzuri kiasi kwamba kwenye klabu yoyote ya Nairobi au Dar es Salaam watu wangelipa kumtazama akifanya mazoezi.

Ndiyo maana niliuelewa mgomo wa Machi 2025. Wachezaji wakubwa wa kiume hawakwenda Gijón, Hispania, wala hawakwenda Cancún, Mexico. Walilalamikia mabadiliko ya kanuni na ratiba, na zaidi ya yote walilalamikia kuamuliwa mambo bila wao kushirikishwa. Kuna waliowaita wenye tamaa. Jamani, kukosa mashindano mawili ni kukosa pesa na kukosa pointi, na waliokosa walikuwa haohao walio juu ambao kanuni ikibaki au ikibadilika wao watakula tu. Baadaye walikubaliana na waandaaji wakarudi uwanjani, na nilifurahi kwamba ilikuwa hivyo. Ila chanzo chake hakijaondoka.

Chanzo hicho ni historia fupi. Miaka ya nyuma ziara kuu ilikuwa World Padel Tour, iliyoanza 2013 na kumilikiwa na Damm, watengenezaji bia wa Barcelona. Wachezaji walifungwa kwa mikataba iliyowazuia kucheza kwingine. Mwaka 2022 ikaja Premier Padel, ya shirikisho la kimataifa FIP pamoja na Qatar Sports Investments ya Nasser Al-Khelaifi, na wachezaji wenyewe kupitia chama chao waliiunga mkono. Kwa muda kukawa na ziara mbili zinazowagombea, na mtu anayegombewa ana sauti. Agosti 2023 Qatar Sports Investments ikainunua World Padel Tour, na kuanzia 2024 ziara imekuwa moja. Mimi ni mkazi wa Qatar, mkate wangu unatoka kwenye mchezo huu, na nakiri kwamba pesa hiyo imefanya makubwa: Roland Garros mjini Paris na Foro Italico mjini Roma vimefunguliwa kwa padel, viwanja vimekuwa vya hali ya juu, mechi zinaonekana duniani kote. Lakini ziara ikishakuwa moja, mchezaji asiyeridhika hana pa kwenda. Ndiyo sababu chama chao kinapaswa kuwa na kiti cha kudumu mezani, kipate nafasi kabla uamuzi haujatoka.

Msomaji mwenzangu alilalamika pia kwamba mabingwa ni wa nchi mbili tu. Hapo amesema kweli. Tangu mashindano ya kwanza ya dunia mwaka 1992, kombe la wanaume halijawahi kutoka mikononi mwa Argentina na Hispania. Argentina walilichukua Dubai 2022 na tena hapa Doha 2024, mara zote mbili mbele ya Wahispania. Ila ajiulize mtu wa nchi ya tatu atapandia wapi. Kijana wa Madrid anapanda basi kwenda kwenye mashindano yake ya ngazi ya chini. Kijana wa Cairo, au wa Muscat, au wa Mombasa tukimpata, anapanda ndege kila wiki, anacheza mchujo, anatolewa na wenye uzoefu, anarudi na deni. Akifanya hivyo msimu mmoja babake atamwambia atafute kazi, na babake atakuwa na haki. Kumpunguza kasi Coello hakutamsaidia kijana huyo kwa lolote. Kitakachomsaidia ni chumba cha hoteli kwa wanaoingia mchujo, malipo ya raundi za mwanzo yanayotosha nauli, na mashindano ya ngazi ya kati ya FIP yaletwe karibu na anakoishi.

Nina ombi moja kwako, Mhariri. Gazeti lako limeanza kuandika matokeo ya padel, na nakushukuru, kwani huku tunayasoma kwa simu wakati wa chai. Waandishi wako wakipata nafasi ya kuzungumza na Luigi Carraro, rais wa FIP, au na yeyote wa Premier Padel, wasimuulize nani atamfunga Tapia. Wamuulize mchezaji aliye nafasi ya 120 analipwa kiasi gani akitolewa kwenye mchujo, na ni nani walikuwa mezani siku kiasi hicho kilipopangwa.

Wako,
Fundi wa viwanja,
Doha, Qatar