KUH: Klachi ya Gari Langu Iliyoharibiwa Katika Gereji Yenu ya Nakuru

Kwa Meneja,

Ninawaandikia kwa heshima, ingawa heshima niliyoipata kaunta kwenu Jumanne ilikuwa haba.

Gari nililileta kwa sababu pedali ilikuwa imelegea na rivasi ikikwaruza. Fundi wenu alibadilisha mipira ya silinda ya chini, ile inayosukuma klachi kwa presha ya mafuta, akatoa hewa kwenye mafuta hayo, nikalipa shilingi 6,500. Kisha, bila kuniuliza, akairefusha fimbo inayosukuma pistoni ya silinda ya juu, ile ya kwenye pedali, mpaka pedali ikakosa ule mchezo mdogo wa mwanzo, yaani kulegea kidogo kabla haijaanza kusukuma. Fimbo ikibana hivyo, tundu la kurudishia mafuta hubaki limezibwa, presha haiachilii na klachi haishiki kikamilifu.

Nikipanda mlima baada ya Salgaa, injini ilinguruma huku gari likitambaa, trela zikinipigia honi na harufu ya kuungua ikijaa ndani. Fundi wa kando ya barabara aliirudisha fimbo ile kidogo tu, klachi ikaanza kushika, lakini pleti ya klachi ilikuwa imekwisha kuungua.

Gari lilipovutwa hadi kwenu, msimamizi wa zamu hakufungua hata boneti. Aliniambia mbele ya wateja, "Mama, wewe ndiye hujui kukanyaga klachi. Mwambie mzee wako alete gari." Asubuhi ya kulichukua nilikuwa nimemwonya fundi kwamba pedali imekaza, akanijibu kuwa itazoea! Narudia ya kaunta kwa sababu bado yananichoma: nilisimama na risiti mkononi, nikamsihi aibonyeze pedali kwa kidole tu ahisi mwenyewe, naye, macho yakiwa kwenye simu, akaniambia nimtume mzee wangu, na vijana wenu wakacheka. Nimeendesha gari miaka 19.

Nilikusudia kudai shilingi 6,500 zangu pekee. Hazitoshi. Mtanunua klachi pleti na beringi mpya, mtazifunga bila malipo, mtarudisha gharama ya kuvutwa, na msimamizi huyo ataniomba radhi kwa maandishi, yeye mwenyewe, si karani wake.

Nawapa siku 14. Zikipita, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo nikiwa na Kifungu cha 46 cha Katiba, kinacholinda haki za wateja, risiti yenu na pleti iliyoungua, ambayo nimeihifadhi nyumbani, na huko nitadai pia fidia ya siku zote ambazo gari limelala.

Wenu,
Mteja aliyedhulumiwa