Harry Gregg alikuwa kipa, tuandike na hilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Makala yenu kuhusu ajali ya ndege ya Manchester United mjini Munich, Februari 6, 1958, ilimtaja Harry Gregg kwa sentensi mbili tu: alirudi ndani ya mabaki ya ndege akamtoa mtoto mdogo na mama yake mjamzito, kisha akawaburuta wachezaji wenzake Bobby Charlton na Dennis Viollet kwa kuwashika viunoni. Ni kweli tupu, na Mungu amlipe. Lakini mwenyewe hakupenda kuitwa shujaa hadi alipofariki Februari 2020, akiwa na miaka 87. Mtu yule alikuwa kipa, tena kipa hodari kupindukia.

Alizaliwa Ireland ya Kaskazini mwaka 1932, akachezea Coleraine, kisha Doncaster Rovers ya Uingereza. Desemba 1957 kocha wa United, Matt Busby, alimnunua kwa pauni 23,000, na hadi siku hiyo hakuna kipa duniani aliyewahi kuuzwa kwa bei hiyo. Makipa wengi wa enzi zile walikaa kwenye mstari wakisubiri mpira uwafuate. Gregg aliufuata yeye. Krosi ikipigwa anatoka, anapasua katikati ya watu, anaidaka au anaipiga ngumi, huku akiwafokea mabeki wake kwa sauti ya kusikika jukwaani.

Siku 13 baada ya Munich alikuwa langoni Old Trafford, United ikiifunga Sheffield Wednesday 3-0 katika Kombe la FA. Jarida la mechi lilichapishwa na nafasi tupu mahali pa majina ya wachezaji wa United. Kati ya walionusurika, waliocheza usiku ule ni yeye na Bill Foulkes tu.

Fainali ya kombe hilo mwezi Mei dhidi ya Bolton bado inaniuma. Gregg alipangua shuti, mpira ukapaa, akaruka kuudaka. Nat Lofthouse, mshambuliaji wa Bolton, akaja mbio akampiga kikumbo cha bega mgongoni. Kipa na mpira wote wakaingia wavuni, Gregg akabaki chini hajitambui. Mwamuzi akasema ni goli. Bolton wakashinda 2-0. Leo hiyo ni faulo bila mjadala.

Mwezi uliofuata akaenda Sweden kwenye Kombe la Dunia, na hapa ndipo makala yenu ilipaswa kukaa. Mjini Malmö, Ireland ya Kaskazini ilitoka sare 2-2 na Ujerumani Magharibi, waliokuwa mabingwa watetezi, na Gregg akaokoa michomo mfululizo. Aliumia kifundo cha mguu, akakosa mechi iliyofuata, lakini kipa mwenzake naye alipoumia mkono alirudi langoni kucheza robo fainali na Ufaransa akiwa hajapona. Walifungwa 4-0. Hata hivyo alichaguliwa kipa bora wa mashindano, mbele ya Lev Yashin, kipa wa Umoja wa Kisovyeti.

Na hakupata medali ya ushindi hata moja na United. Fainali ya FA ya 1963 ilimkuta na majeraha ya bega. Ubingwa wa 1965 hakucheza mechi yoyote ya ligi. Desemba 1966 akahamia Stoke City, na miezi michache baadaye United wakawa mabingwa tena.

Mkiandika tena Februari ijayo, naomba Munich muipe aya yake, na Malmö nayo muipe yake.

Msomaji wako,
Morogoro