Rangi za vitufe zisiruke ghafla

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu tunaotengeneza programu za kompyuta, hasa hili la kitufe kubadilika rangi. Jamani tusibadilishe rangi kwa kuruka tu paap, macho yanashtuka na mtumiaji anabaki anajiuliza nini kimetokea, ipeni hata milisekunde 150 au 200 iteleze taratibu, inatosha kabisa, ukizidisha sana programu inaonekana nzito.

Ila sasa hapo ndo kuna mtego. Wengi tunachukua nyekundu 255,0,0 na kijani 0,255,0 (hizo ni namba za RGB, yaani kiasi cha nyekundu, kijani na bluu) tunagawa namba hatua sawasawa, katikati inatoka 128,128,0, yaani rangi ya matope hivi, imezubaa, haivutii hata kidogo. Mimi siku hizi napiga hesabu kwenye Oklab, mfumo wa namba za rangi unaofuata jinsi macho yanavyoona, halafu ndo narudisha RGB, katikati panang'aa vizuri, jaribuni muone wenyewe. Na hesabu zifuate muda uliopita sio idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa moja baada ya nyingine, maana skrini ya hezi 60 (picha 60 kwa sekunde) na ya hezi 144 hazitamaliza pamoja.

Wenzangu mnaotumia WPF, zana ya Microsoft ya kutengeneza programu za Windows, brashi (kitu kinachobeba rangi ya kitufe) ikishagandishwa, yaani ikifungwa isibadilike, haikubali animesheni, inatoa kosa, tengeneza nakala yake kwanza.

Halafu hili naliomba kwa moyo wote, mtu akizima animesheni kwenye mipangilio ya kompyuta yake muheshimuni, rangi ibadilike papo hapo, kuna watu vitu vinavyochezacheza kwenye skrini vinawaletea kizunguzungu kweli.

Msomaji wenu, mtengeneza programu