Kibanda cha ishara cha mzee wako

Mkomani, Lamu

Swahibu yangu Mbwana,

Assalaam alaykum. Barua yako imefika, pamoja na picha ya kibanda cha ishara za reli alichofanyia kazi mzee wako, akiziongoza treni. Wauliza kama kukipaka rangi na kukiezeka bati jipya kutatosha. Kwa maoni yangu, hakutoshi.

Jengo ni ganda tu. Cha kuokoa ni zile nyenzo za chuma, yaani mikono ya kuvuta, zilizosimama safu mle ndani. Zamani mtu mmoja aligeuza njia ya reli, mwingine akainua ishara ya kumruhusu dereva, na wasiposikizana treni hukutana uso kwa uso. Mwaka 1856 Mwingereza John Saxby akapata hataza ya mtambo wa kuzifunga kazi hizo mbili pamoja. Ukivuta wenzo mmoja, vyuma vyenye mapengo husogea, ulimi wa chuma ukatumbukia penye pengo kama komeo la mlango, na wenzo unaopingana na huo hauvutiki hata mkiushika wawili. Ishara haimruhusu dereva mpaka njia yake iwe tayari. Mwenye zamu aweza kuchoka, aweza kusahau, chuma humkatalia. Mimi hili hunistaajabisha kila nikilifikiria.

Marekani mtambo huo ulifika 1870, New Jersey. Uingereza sheria ilingoja maafa. Juni 1889, karibu na Armagh huko Ireland, iliyokuwa chini ya Uingereza wakati huo, mabehewa ya watu waliokwenda matembezini, wengi wao watoto, yalifunguliwa kwenye mwinuko, yakarudi nyuma na kugonga treni iliyofuata. Walikufa watu wapatao 80. Mwaka uleule sheria ya usalama wa reli ikalazimisha mitambo hii pia.

Siku hizi chumba kimoja chenye kompyuta huongoza njia ndefu, na vibanda vinavunjwa. Wako waliokataa. Shrewsbury, Uingereza, kibanda cha 1903 chenye nyenzo 180 kingali kazini. Kule Harrisburg, Pennsylvania, mnara wa ishara uitwao Harris ulifungwa 1991. Wapenzi wa reli wakaziunganisha nyenzo zake na kompyuta, na mgeni akija huzivuta mwenyewe akapitisha treni za kwenye kompyuta. Hicho ndicho nikitakacho kwenu: mtoto avute wenzo, akataliwe, aulize kwa nini.

Sisi Lamu tumeyaona haya. Mji wa kale uliingia orodha ya Urithi wa Dunia 2001, lakini nyumba isiyo na mtu huanza kuanguka hata ikipakwa chokaa, na milango yetu ipo kwa sababu mafundi wangali wachonga. (Reli yenyewe huku bado. Bandari mpya ilianza kupokea meli 2021, treni ingali kwenye ramani.)

Basi kabla ya rangi, mketishe mzee, umrekodi. Kila wenzo ulikuwa wa nini? Upi ulitangulia kuvutwa? Kengele ya kupashana habari na kibanda jirani ililia mara ngapi, na kwa maana gani? Kwa Waingereza mlio mmoja ni wa kuita, sita ni hatari. Nataka kujua yeye alifundishwaje. Vibao vya namba vipige picha upesi, wauza chuma chakavu hawangoji kamati. Na mtu yeyote asifungue parafujo hata moja mpaka mzee awe amekwisha kueleza yote.

Mpe shikamoo yangu, na mama pia. Nikijaaliwa nitakuja Mombasa baada ya Idi. Mwombe mzee anipe alasiri moja, twende naye mpaka pale kibandani.

Wako,
Athumani